Maswali ya Wasomaji: Gari Moja, Barabarani na Uwanjani

SWALI: Ninaishi Köln, Ujerumani, na nina gari aina ya Toyota GR86 nililolinunua likiwa limetumika. Mwenye gari wa kwanza aliondoa springi na shokapu za kiwandani, akaweka seti ya kurekebishika ambayo springi zake za mbele zina ugumu wa kilo 7 kwa milimita (yaani kila kilo 7 huziminya milimita moja), kisha akalishusha sana. Siku za kazi ninalitumia kwenda ofisini na kumpeleka mtoto chekechea. Mara moja moja ninakwenda nalo kwenye uwanja wa mbio za magari wa Nordschleife. Mke wangu hataki tena kulipanda, na simlaumu. Kinachonishangaza ni kwamba hata uwanjani linarukaruka, na usukani unakuwa mwepesi ghafla katikati ya kona za kasi. Rafiki zangu wananishauri niongeze ugumu zaidi. Je, ni lazima nichague kati ya familia na uwanja?
Msomaji, Köln

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Katika uwanja unaoutaja, mahitaji ya mke wako na mahitaji ya kasi yanakaribiana kuliko rafiki zako wanavyodhani. Nordschleife, iliyofunguliwa mwaka 1927, ina urefu wa kilomita 20.8 na inapanda na kushuka katika milima ya Eifel, kiasi kwamba tofauti ya kimo kati ya sehemu yake ya chini kabisa na ya juu kabisa ni karibu mita 300. Lami yake ina mawimbi, kuna vilima vinavyolipunguzia gari uzito likiwa katika mwendo mkubwa, na ndani ya kona ya Karussell unapita juu ya mabamba ya zege. Anayelitengeneza gari lake kwa kuiga magari ya mashindano yanayokimbia kwenye viwanja vipya vilivyosawazishwa, kisha akalileta hapo, atashindwa na mwenye gari laini zaidi, tena atafika kwenye maegesho akiwa amechoka mgongo.

Tairi ndiyo inayoshika barabara. Springi haishiki kitu. Kazi ya springi na shokapu ni kuhakikisha kwamba uzito unaoikandamiza tairi haupandi wala kushuka ovyo pale barabara inapobadilika. Springi ikiwa ngumu kupita kiasi, tairi haipati nafasi ya kulifuata bonde dogo la lami, hivyo inaning'inia kwa sehemu ndogo ya sekunde, na sehemu hiyo ndogo katikati ya kona ndiyo ule wepesi wa usukani unaouhisi.

Hesabu yake si ngumu. Gari lako lina uzito wa takriban kilo 1,270. Ukimwongeza dereva, kisha ukaondoa vitu visivyobebwa na springi kama rimu, matairi na breki, kila pembe inabaki na karibu kilo 300. Springi ya mbele iliyo laini zaidi, ya kilo 2.8 kwa milimita, huifanya pembe hiyo icheze juu na chini takriban mara 1.5 kwa sekunde, ilhali springi yako ya kilo 7 huifikisha karibu mara 2.4. Gari la spoti linalotumika pia barabarani hukaa vizuri kati ya mara 1.5 na 2. Kiwango cha 2.4 kinalifaa gari la mashindano kwenye lami laini, ambalo halibebi kiti cha mtoto. Angalia pia kwamba ugumu ukiongezeka mara mbili, mtikisiko hauongezeki mara mbili bali kwa takriban asilimia 40, ndiyo maana mtu anaweza kununua springi ngumu zaidi na zaidi akiamini kwamba tofauti ni ndogo.

Hata hivyo, ninashuku kwamba kosa kubwa zaidi katika gari lako si ugumu bali kimo. Gari likishushwa sana, shokapu inabaki na nafasi fupi ya kujiminya kabla ya kugonga mpira wa kizuizi. Ukiteremka Fuchsröhre, mteremko mmoja wa Nordschleife, kwa kasi, ule mkandamizo wa chini kabisa unaimaliza nafasi hiyo, gari linakalia mipira, na papo hapo ugumu wa mbele unapanda mara kadhaa bila taarifa. Tairi za mbele zinazidiwa na gari linakataa kukata kona. Mtu asiyejua atasema springi ni laini, ataongeza ugumu, na tatizo litahama tu kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Kuna njia rahisi ya kuthibitisha hilo. Funga kamba nyembamba ya plastiki kwenye fimbo ya kila shokapu ya mbele, isukume hadi chini, kisha endesha mzunguko mmoja. Ukirudi ukaikuta imesukumwa hadi kwenye mpira wa kizuizi, una jibu lako. Pandisha gari milimita 15, rudia kipimo, na usiguse kitu kingine mpaka umeona matokeo. Baada ya hapo ndipo ushughulikie vifundo vya shokapu, yaani vile vya kuzungusha vinavyoikaza au kuilegeza. Wengi huvikaza wakidhani wanaongeza mshiko, kumbe shokapu inayochelewa kurudi haijanyooka kabla tuta la pili halijaiminya tena, na kwenye mfululizo wa mawimbi gari linazidi kuzama hadi kwenye mipira ileile. Vifungue hadi mwisho wa ulaini, kisha kaza hatua mbili mbili mpaka gari liache kuyumba baada ya wimbi, na usiendelee zaidi ya hapo.

Fedha za kwanza utakazotoa, mimi ningezielekeza kwenye springi za mbele za karibu kilo 4.5, ambazo zitaupeleka mtikisiko kwenye mara 1.9 kwa sekunde, na kwenye fundi wa kuzipanga upya shokapu ziendane nazo. Springi za nyuma usizinakili kutoka za mbele, kwa sababu mikono ya chuma inayoshikilia magurudumu ya nyuma ya gari hili ina nguvu ya wenzo tofauti na shokapu za mbele. Kwa upande wa alaimenti, yaani jinsi magurudumu yanavyoegemea na kuelekea, tairi za mbele ziegemee ndani kwa juu takriban nyuzi 2, za nyuma 1.5, na za mbele zitazame mbele moja kwa moja. Watu huogopa kwamba mwegemeo huo utamaliza matairi, lakini kinachoyala haraka zaidi ni tairi zisizotazama mbele sawasawa.

Matairi ya nusu mashindano, yale yanayoruhusiwa barabarani, sikushauri kuyanunua kwa matumizi yako. Eifel mvua inaweza kunyesha upande mmoja wa mzunguko huku upande mwingine ukiwa mkavu, na asubuhi ya baridi ukielekea chekechea matairi hayo hayana mshiko wa kutegemea. Jambo la mwisho ni la karatasi: hakikisha seti hiyo ya shokapu imekaguliwa na kuandikwa kwenye hati za gari. Siku za watalii Nordschleife hufuata sheria za barabara, na gari lenye mabadiliko yasiyoidhinishwa hupoteza kibali chake cha kutumika barabarani.

SWALI: Nipo Dubai na nina Nissan 370Z. Nikienda uwanja wa mbio wa Dubai Autodrome, baada ya mizunguko michache gari linaanza kuteleza na kanyagio la breki linakuwa laini. Upepo wa tairi ninaweka psi 35 kama kiwanda kinavyoelekeza. Je, ninunue breki kubwa?
Msomaji, Dubai

JIBU: Usinunue bado. Upepo wa psi 35 asubuhi, hewa ikiwa nyuzijoto 35, unafika karibu psi 44 tairi inapopata joto la nyuzijoto 90 uwanjani, na tairi iliyovimba kiasi hicho inakanyaga zaidi kwa katikati. Punguza mara unapoingia kwenye maegesho, tairi zikiwa bado za moto, hadi psi 35 au pungufu kidogo, na utahisi tofauti katika mzunguko unaofuata. Lakini kuna sehemu ambayo wengi huisahau: tairi hiyo ikipoa itakuwa na psi 27 tu, na kuiendesha hivyo kwa kasi ya barabara kuu ya Sheikh Zayed Road, ukuta wake ukijikunja na kupata joto, kunaweza kuipasua. Beba pampu ndogo na ujaze kabla ya kuondoka.

Kuhusu kanyagio, mtuhumiwa wa kwanza ni mafuta ya breki. Mafuta ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzijoto 230, ila yanafyonza unyevu hewani, na yakishafyonza, kiwango cha chini cha kuchemka kinachotakiwa na kanuni kinashuka hadi 155, joto ambalo breki za uwanjani hulifikia bila taabu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unaminyika. Badilisha yote, toa hewa vizuri, na uyabadilishe kila mwaka. DOT 5.1 inakubalika katika mfumo huo. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki nayo. Pedi za mashindano halisi uzikwepe kwa gari la kila siku, kwa kuwa zikiwa baridi hazishiki ipasavyo, zinapiga kelele na zinakwangua diski.

SWALI: Nina Subaru Impreza WRX STI. Nimelishusha ili likate kona vizuri, lakini naona linalala upande kwenye kona zaidi kuliko zamani, na matuta ya mtaani kwetu yananitesa. Fundi anasema nilishushe tena.
Msomaji, Nairobi

JIBU: Macho yako hayakudanganyi. Mbele ya gari hilo kila gurudumu linashikiliwa na shokapu kwa juu na mkono mmoja wa chuma kwa chini. Unaposhusha bodi, mkono huo unaelekea juu upande wa tairi, na kitovu ambacho bodi hulalia wakati wa kona kinashuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Nafasi kati ya vitovu hivyo viwili inapanuka, na hiyo ndiyo nguvu inayolilaza gari. Kwa hiyo umelipia kupata kinyume cha ulichotaka, na kulishusha tena kutaongeza hali hiyo.

Rudisha kimo hadi mkono wa chini ulale sambamba na ardhi au ushuke kidogo kuelekea tairi. Kama gari bado linalala, weka stabilaiza (fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia) nene kidogo nyuma, ambayo haikuongezei adha pale magurudumu yote mawili yanapopanda tuta kwa pamoja. Adha yake utaihisi kwenye mashimo ya upande mmoja tu. Kimo hicho kipime gari likiwa na abiria wanne na tangi limejaa, kwa sababu katika hali hiyo ndipo linapogusa matuta.