Ukienda shoo ya laivu usiende kama mtazamaji

Albamu za studio nazipenda sana tu, ila ukitaka kumjua msanii mweusi vizuri mtafute akiwa laivu, na kama kufika ukumbini haiwezekani basi anza na rekodi za laivu, na usimsikilize yeye peke yake, sikiliza na watu waliomo humo ndani. Hao ni nusu ya shoo.

Chukua Aretha Franklin, yule mwimbaji wa Marekani, Januari 1972, kanisani Los Angeles, siku mbili mfululizo usiku anarekodi nyimbo za injili. Filamu ya shoo hiyo, Amazing Grace, ilikaa kabatini zaidi ya miaka 40 maana picha na sauti vilikataa kwenda pamoja, ikaja kuonyeshwa 2018. Itafute jamani. Kuna sehemu yuko kwenye piano, jasho linamtiririka, baba yake ambaye ni mchungaji anainuka anamfuta uso na yeye anaendelea kuimba kama kawaida. Halafu James Cleveland, ndiye aliyekuwa anaongoza ibada, kuna mahali anashindwa kabisa, anaiacha piano anakaa pembeni anajifunika uso analia. Hapo na mimi nililia, na hata kanisani mi siendi sana.

Wala usidhani watu kushiriki hivyo ni mbwembwe. Hili la mwimbaji kutupa mstari na watu kuupokea limetoka Afrika, likavuka bahari na waliouzwa utumwani, likaishi mashambani na makanisani mpaka likaingia kwenye soul, ule muziki wa hisia wa Wamarekani weusi. James Brown, mwimbaji wa soul, alilijua vizuri. Mwaka 1962 alitaka kurekodi shoo yake ukumbi wa Apollo, pale Harlem, New York, bosi wa lebo akagoma kutoa hela eti nani atanunua nyimbo zilezile tena, Brown akalipa mwenyewe na albamu ikauza balaa. Sikiliza kwenye ule wimbo wa taratibu, Lost Someone, anavyowachokoza akinadada, wanapiga kelele, anawasubiri watulie kidogo, anawachokoza tena. Studio huipati hiyo.

Sasa siku ukienda mwenyewe, sogea mbele uone mikono na mishipa ya shingo. Simu piga picha zako mbili tatu irudi mfukoni. Shoo moja niliyosimama karibu na steji nilimwona dada anayeimba ananyanyua kidole kimoja tu, mpiga ngoma akaacha palepale, besi nayo kimya, akarudia mstari uleule polepole, mara ya kwanza watu wameduwaa tu, mara ya pili wachache wakaitikia, alipokuja kuurudia tena ukumbi mzima tunaimba na yeye kanyamaza, anatusikiliza. Waliokuwa wanarekodi walibaki kuhangaika na mwanga.

Kwahiyo akikutupia mstari itikia, sauti mbovu si tatizo, hakuna anayekusikia. Chozi likija liache lije. Na usikae unasubiri ule wimbo mmoja maarufu, mara nyingi kinachokushika ni wimbo ambao hukuwahi kuusikia kabisa.

Halafu kuna kumsherehekea msanii kwa hela, yaani wengi tunaposti mtu akishafariki wakati akiwa hai tulikuwa tunaomba tiketi za bure. Nunua tiketi, kukiwa na meza ya CD au fulana mlangoni nunua hapohapo, na ufike mapema uwakute wanaofungua shoo maana wale ndo wanaimba kama kesho haipo na ukumbi bado nusu tupu.