Kuunga shingo ya gitaa: kazi iko kwenye randa

Gitaa la kwanza kunitia aibu lilikuwa la kijana mmoja wa kwaya, mwaka wangu wa pili wa kutengeneza magitaa hapa Keko, Dar es Salaam. Lilianguka kutoka kwenye kiti cha plastiki, kimo ambacho hata sahani ya melamini haivunjiki. Kichwa kikakatika palepale chini ya kidaraja cha juu, kile kipande chembamba ambacho nyuzi hukipitia kati ya shingo na kichwa. Shingo ile nilikuwa nimeichonga kwa kipande kimoja cha mbao, tena najisifia: "Haina kiungo hata kimoja hii!" Kumbe ndiyo ilikuwa shida yake.

Kichwa cha gitaa huinama kwenda nyuma, mara nyingi digrii 13 hadi 17, ili nyuzi zikae kwa kukandamiza kidaraja. (Shuleni tulifundishwa kusema nyuzi 15, lakini kwenye karakana ya magitaa zipo nyuzi za chuma, nyuzi za mbao, na ukiongeza nyuzi za pembe mwanafunzi anachanganyikiwa. Mimi nasema digrii.) Ukichonga shingo na kichwa kwa mbao moja, nyuzi za mbao zinafuata shingo vizuri, ila zikifika kwenye kona ya kichwa zinakatika mshazari na kubaki fupi. Kila aliyewahi kupasua kuni anajua mbao inafuata wapi. Na kumbuka seti ya kawaida ya nyuzi za chuma za gitaa kavu (lisilo la umeme) inavuta kwa nguvu ya karibu kilo 70 hata kabla gitaa halijaanguka. Kampuni ya Fender waliikwepa shida hii kwenye gitaa lao la umeme, Telecaster: kichwa hakiinami, kimeshushwa tu kidogo chini ya usawa wa shingo. Ukitaka kichwa cha kuinama, unga: kichwa kiwe kipande chake, nyuzi za mbao zifuate urefu wake.

Hata mfuko unapona. Kichwa cha sentimita 18 kilichoinama digrii 15 kinashuka karibu sentimita 5, kwa hiyo kwa kipande kimoja utahitaji gogo la inchi tatu, na zaidi ya nusu yake inaishia kuwa maranda. Ukiunga, mbao ya inchi moja inatosha.

Mimi natumia mninga au mkangazi. Mninga ukishakauka hautembei ovyo, ila vumbi lake linawasha pua, funga kitambaa. Mbao ukiinunua wakati wa masika usiikate siku hiyohiyo, hata muuzaji akikuapia kwamba ni kavu. Ilaze ndani miezi miwili mitatu.

Haya, kukata. Usihangaike kutafuta kipima pembe. Mbao ikisharandwa ikabaki milimita 20, pima milimita 75 kwa urefu kwenye ubavu wake, unganisha kona na kona kwa penseli: hizo ni digrii 15. Msumeno wa meno madogo, kata nje kidogo ya mstari. Usijiumize roho mkato ukienda upogo kidogo, msumeno hapa kazi yake ni kugawa tu.

Sasa una kipande kirefu (shingo) na kipande kifupi (kichwa), vyote vina mteremko. Hapa ndipo nilipochemka mara ya kwanza: nikageuza kile kifupi nikabandika mteremko kwa mteremko. Gundi ilipokauka nikakuta kichwa kimeinama digrii 30, kama mtu anayetafuta shilingi aliyoangusha. Digrii 15 za huku na 15 za kule zilijumlishwa. Mteremko haubandikwi kwenye mteremko mwenzake. Mteremko wa kipande kifupi unabandikwa kwenye mgongo bapa wa kipande kirefu. Mteremko wa kile kirefu unabaki wazi, na huo ndio mwanzo wa uso wa kichwa. Shingo ile bado ipo ukutani, naning'inizia aproni.

Kabla ya gundi kuna randa, na hapa usiwe na haraka. Geuza kipande kifupi, ncha ielekee upande ule ule wa ncha ya kirefu, kilaze juu ya kirefu ukisogeze nyuma mpaka miteremko miwili iwe mlima mmoja usio na ngazi. Chini ya ncha ya kirefu weka kibao cha ziada, maana ncha ile ni nyembamba kama karatasi na itamegeka. Bana vyote kwenye meza. Noa kisu cha randa mpaka kinyoe vinyweleo vya mkono, kisha randa kwa kushuka mlima, usipande. Ukipanda, kisu kitachimbua nyuzi.

Mzee aliyenifundisha alikuwa haangalii mbao kabisa, anaangalia maranda. "Fundi, leta nione," anasema, unampelekea utepe uliotoka kwenye randa. Ukiwa umekatika katikati, anakurudishia bila neno. Ukitoka mmoja, upana mzima, kuanzia kipande cha juu hadi ncha ya chini, anaitikia kwa kichwa, endelea. Baada ya hapo simamisha rula ya chuma juu ya mteremko, elekeza dirishani. Mwanga ukipenya popote, bado kuna kilima au bonde. Weka na skweya kwa upana pia, watu wengi wanasahau. Mteremko ukilalia upande mmoja, kichwa chako kitaangalia pembeni, na hilo halirekebishiki kwa msasa. Halafu msasa wenyewe uweke mbali hapa, unalainisha kingo na kukuachia tumbo katikati.

Watu wana imani kubwa na gundi. Gundi si simenti, usiitegemee ijaze pengo. Paka nyembamba pande zote mbili. Ukianza kukaza klampu vipande vitateleza kama sabuni, kwa hiyo kabla hujapaka, vibane vikavu, toboa matundu mawili madogo kwenye sehemu za pembeni zitakazokatwa baadaye, uchomeke vijiti vya kuchokolea meno. Misumari midogo inafaa pia, mpaka siku msumeno utakapokutana nayo.

Gundi gani? Nilitumia ile nyeupe ya bei rahisi miaka mingi. Mteja mmoja akaacha gitaa kwenye buti ya gari, Kariakoo, mchana wa Februari. Kiungo hakikuachia, kiliteleza tu, kama unene wa kucha, na gitaa halikukaa tyuni tena. Tangu hapo shingo naziunga kwa gundi ya mirija miwili ya kuchanganya. Kwa mtiki, ambao una mafuta, futa kwanza kwa spiriti. Kisha acha siku nzima bila kuigusa, hata kama mwenye gitaa anapiga simu kila saa.

Na usiamini kwa macho. Vipande vilivyobaki viunge hivyohivyo, gundi ileile, siku ileile. Kesho yake weka gotini uvunje. Mbao ikivunjika pembeni ya kiungo, endelea kuchonga shingo. Kikiachia kwenye mstari wa gundi, rudi kwenye jiwe la kunolea.