Barua kwa mwanangu: kuhusu ile chupa uliyoikuta kwenye begi

Mwanangu,

Sisi huku Marangu hatujambo, baba yako anaendelea vizuri na mguu wake, na mvua zimekuja kwa wakati. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma, nikaona si jambo la kujibu kwa simu huku mkeo yuko jikoni na watoto wanasikiliza. Umeniambia mwanao mkubwa, na miaka yake 16, amerudi kutoka bethidei ya mwenzake Mbezi ananuka pombe, akadai alimwagiwa, na asubuhi ukakuta chupa ndogo ya pombe kali kwenye begi la shule. Ukaniuliza: "Mama, hawa watoto wa siku hizi wana nini? Nimchape, nimlete kwako, au ninyamaze mpaka umri upite?"

Usimchape, usimlete, na usinyamaze. Nitakueleza kwa nini, maana nimekuwa nesi wodini miaka mingi na haya si ya kusimuliwa.

Watoto wa siku hizi hawana ugonjwa mpya. Kutaka kuonekana na wenzako, kujaribu kilichokatazwa, kudhani kifo ni cha wazee, hayo yote mlikuwa nayo nyinyi na tulikuwa nayo sisi. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima hatari na kumwambia mtu "acha", haikomai mpaka mtu apite miaka ishirini na kitu, na hiyo ndiyo pombe inaanza nayo. Kilichobadilika ni pombe yenyewe na mahali inaponywewa.

Mbege unaijua. Ndizi zinachemshwa mpaka zinageuka nyekundu, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, unatiwa uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewe la kuleta uchungu. Ikiwa tayari haikai, inanywewa ikaisha. Kata inazunguka kuanzia kwa mzee, watu wanaongea mambo ya ukoo, tumbo linajaa kabla kichwa hakijazunguka. Kijana aliyeonja alionja mbele ya babu zake, na akizidisha, kabla ya jua kuchomoza shangazi zake wote wana habari. Sisemi zamani hapakuwa na walevi. Walikuwepo, na piwa, ile pombe kali ya kienyeji, iliua watu hapa hapa mlimani. Nasema mtoto kulewa peke yake, bila mtu mzima kuona, halikuwa jambo rahisi.

Kisha vikaja viroba. Wewe ulikuwa tayari unafanya kazi, utakumbuka vilivyotapakaa stendi na vijiweni, pombe kali kwenye kifuko cha plastiki kinachoingia kwenye soksi, kwa bei ambayo mwanafunzi aliimudu kwa hela yake ya chai. Serikali ya Tanzania ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na mimi nilishangilia. Uganda nao wakafuata mwaka 2019. Kifuko kikaondoka, ikabaki chupa ndogo, na ndiyo hiyo uliyoikuta.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu. Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi chenyewe. Chupa ya mililita 200 ya pombe kali ya asilimia 35 ina mililita 70. Kwa hiyo kile kichupa kinachojificha kwenye kiganja ni karibu bia tatu kubwa. Wewe bia tatu unazinywa jioni nzima na nyama choma pembeni. Wao wanachanganya na vinywaji vya enaji, utamu unaficha ukali, na wanamaliza kwa dakika kumi huku mwenzao anawarekodi na simu. Ini la mtu mzima linahitaji saa sita au zaidi kuisafisha ile yote, na hakuna kahawa, supu wala maji baridi yanayoliharakisha. Enaji nayo haipunguzi ulevi, inaondoa usingizi tu, kwa hiyo mtoto amelewa na anajiona yuko sawa. Hapo ndipo anapopanda boda mshikaki, au anamwambia mwenzake "nipe funguo niendeshe."

Nikuambie kuhusu mtoto mmoja, sikutaji jina wala hospitali. Waliletwa alfajiri, watatu kwenye boda moja, yeye katikati ameshikwa kama gunia. Shati la shule amelivaa ndani nje ili nembo isionekane. Nilipomgeuza, maziwa yakamtoka puani. Wenzake walimnywesha maziwa ili "yamkate", wakamlaza chali, wakazima taa, wakaenda kulala wakiamini pombe itamtoka kwa usingizi. Sikio lake lilikuwa la baridi kama la mtu aliyelala nje. Hatukuweza kumwokoa. Nilipowauliza wale wawili kwa nini hawakuita mtu, na nyumba ya wazazi ilikuwa hatua chache tu, mmoja akasema: "Tuliogopa, nesi. Baba angetuua."

Hilo neno ndilo lililonifanya nikuandikie barua ndefu hivi. Pombe ilimlewesha, ila kilichommaliza ni saa zile nne ambazo watoto wawili walikuwa wanamwogopa baba kuliko kifo. Ukimchapa mwanao leo, hataacha kunywa. Atajifunza kwamba wewe ndiye wa mwisho kuambiwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwambia, kabla ya hasira yako yote, ni hili: "Siku yoyote, saa yoyote, ukiwa umelewa au mwenzio amelewa, nipigie. Nitakuja. Usiku huo sitauliza swali hata moja." Na ukipigiwa, nenda kweli, na usiku huo nyamaza. Maswali yapo kesho yake, na adhabu pia. Simaanishi asiadhibiwe. Kadanganya, kaleta pombe kwenye begi la shule, alipe kwa kitu kinachouma: simu iwekwe, mitoko isimame mpaka muhula uishe, na akamwombe mama yake msamaha kwa mdomo wake. Adhabu anayoielewa sababu yake haimfanyi akukimbie.

La pili, mfundishe anachopaswa kufanya. Aliyelewa asiachwe peke yake. Alazwe ubavu, mguu wa juu ukunjwe, kichwa kirudishwe nyuma kidogo na mdomo uelekee chini ili akitapika yatoke nje. Asinyweshwe kitu, asimwagiwe maji, maana pombe tayari inaupoza mwili. Na asidhani kwamba akilala ndiyo imeisha: iliyobaki tumboni inaendelea kuingia kwenye damu. Wahesabu pumzi. Zikiwa chini ya nane kwa dakika, au zikikatika kwa sekunde kumi, au midomo na kucha zikibadilika rangi, au akiitwa na kufinywa haamki, ni hospitali wakati huo huo. Mtoto ambaye hajala anaweza pia kushuka sukari ghafla. Mfanyishe mazoezi, mdogo wake akiwa mgonjwa wa kuigiza. Watacheka, lakini mikono itakumbuka.

Mwambie pia kuhusu pombe isiyojulikana ilikotoka. Mei 2014 makumi ya watu walikufa kule Kenya, Embu, Kitui na kaunti nyingine, kwa pombe yenye methanoli, na wengine walipofuka. Mwili unaigeuza methanoli kuwa sumu inayoshambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Huwezi kuitambua kwa kuionja. Ukianza kuona ukungu mbele ya macho siku ya pili, sumu ilishafanya kazi kwa saa nyingi.

Sasa nigeukie kwako, na unisamehe kama itauma. Unamtuma dukani akuletee bia. Nimeona kwa macho yangu Krismasi iliyopita: ulimpa noti, akaenda kwa mangi, akarudi na nne baridi kwenye mfuko mweusi. Sheria inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, lakini mwenye duka amezoea "baba kanituma", na siku mtoto akijituma mwenyewe anauziwa kwa sauti ile ile. Acha hilo leo. Kafuate bia yako mwenyewe.

Na zile sherehe zetu za kipaimara. Mtoto wa miaka 14 au 15 amesimama mbele ya madhabahu asubuhi, jioni turubai limejaa, kreti zimepangwa kuliko viti, wajomba wanalewa kwa jina lake, na watoto wanakusanya chupa mezani wakimalizia zilizobaki. Kisha tunashangaa wamejifunza wapi. Novemba 2020, ule mwaka wa korona, polisi wa Nairobi walikamata vijana zaidi ya 40 waliokuwa wakinywa kwenye nyumba moja mtaa wa Mountain View, wote chini ya miaka 18. Nilisikia watu wazima wakiwalaani watoto wale kwa wiki nzima. Mimi nilikuwa najiuliza ni mkono wa mtu mzima gani uliopokea hela yao.

Kuhusu kumleta huku: akija, aje kwa likizo kumsaidia babu yake kahawa, asije kama mfungwa. Usidhani kijijini ni salama. Vilabu viko kila kona, na Desemba, Wachaga wote wakirudi na magari, ndio mwezi ambao wodi yetu ilikuwa haina nafasi. Hapa hatakuwa na wewe, na ni wewe anayekuhitaji.

Mpe simu Jumapili baada ya ibada, nitaongea naye mwenyewe. Nitamsimulia habari za yule kijana wa shati lililogeuzwa, bila kumfokea.

Kipaimara cha mdogo wake mwezi wa nane, mwambie mkeo aniandikie mapema idadi ya wageni ili niagize ulezi. Mbege itakuwepo kwa wazee, soda na juisi ya kutosha kwa watoto, na bia zitakaa kaunta, nitakaa mimi hapo. Hakuna mtoto atakayepewa chupa mkononi, hata akisema katumwa na baba mkubwa. Baba mkubwa atasimama aje mwenyewe.

Mama yako