Mama alipoanza kumuulizia baba

Baba alifariki mwaka 2011. Miaka minane baadaye, jioni, mama akaniuliza barazani, "Baba yenu mbona hajarudi?" Nikamwambia ukweli, tulishamzika. Akalia kama ndiyo kwanza anasikia. Kesho yake akauliza tena, nikajibu vilevile, akalia upya. Wiki nzima nilimletea mama msiba mpya kila magharibi, kisa ati sitaki kusema uongo.

Ukiwa na mzazi mwenye ugonjwa wa kusahau, ule madaktari wanaouita dimenshia, usibishane naye. Siku hizi namuuliza, "Hivi baba alipenda chai ya tangawizi au ya mdalasini?" Anaanza kusimulia, na swali linapita.

Akisema ameibiwa, usikimbilie kumshuku mtu. Mimi nilimfukuza dada wa kazi. Mwezi baadaye nikakuta shilingi elfu sabini kwenye debe la mchele, zimefungwa katika pindo la kanga. Nilimfuata yule binti kumwomba radhi. Kurudi alikataa, wala simlaumu.

Mara nyingi ugonjwa huu huja taratibu, kwa miezi na miaka. Mzee akibadilika ghafla, kwa siku moja au mbili, mpelekeni hospitali. Mama alipoanza kuona watu ukutani, jirani alisema majini. Kumbe U.T.I., maambukizi ya njia ya mkojo, alipotibiwa akatulia. Homa ya mapafu, upungufu wa maji, hata dawa mpya huweza kufanya hivyo. Na mwanzoni kabisa ulizeni kuhusu kipimo cha tezi ya shingo na vitamini B12, maana kuna kusahau kunakotibika.

Halafu mikono. Mama hajui leo ni siku gani, lakini mpe ukili asuke, ule utepe wa kushonea mikeka, uone. Vidole vinakwenda vyenyewe, hakosei mkunjo, mpaka adhana ya magharibi, saa ambazo zamani alikuwa akihangaika kutafuta mlango. Wako labda atachambua mchele.

Ndugu zangu walikuwa wakituma pesa na ushauri. Nikawaambia pesa nashukuru, ila nataka Jumamosi zangu. Jumamosi ya kwanza kaka alinipigia kabla hata ya adhuhuri.

"Mama ananigombeza nimechelewa kurudi. Anadhani mimi ndiye baba. Nimwambieje?"

"Kaa hapo, omba chai."