Miwani ya daktari inaweza kudanganya?

SWALI: Mama yangu ataunganishwa pingili za kiuno hapa Baltimore. Daktari anasema atavaa miwani ya kumwonyesha mifupa ndani ya nyama. Je, picha hiyo haiwezi kumdanganya?

JIBU: Mpe mama pole. Ndiyo, inaweza, na mara nyingi chanzo ni kibano. Kabla ya kufunga skrubu za kuunganisha pingili, kibano chenye alama hubanwa kwenye mfupa, kisha picha za CT (eksirei za mwili tabaka kwa tabaka) hulinganishwa na mgongo wenyewe. Kamera iliyo juu ya miwani husoma alama hiyo na kuiweka picha mahali pake. Kiwiko kikikigusa kibano, hata kikasogea milimita 2 tu, picha nzima huhama, na miwani haimwambii daktari. Damu ikifunika alama, au mkono ukiikinga, picha hupotea; hilo afadhali, maana linaonekana.

Kwa hiyo daktari makini hugusa kwa ncha ya kifaa sehemu ya mfupa anayoiona kwa macho: picha na mfupa visipokubaliana, hulinganisha upya. Pingili iliyo mbali na kibano huhitaji uangalifu zaidi, kwani hucheza mama akipumua. Tundu likishatobolewa, hupapaswa kuta zake kwa kijiti chenye ncha ya mviringo. Ukuta wa ndani ukiwa umepasuka, mishipa ya fahamu iko jirani kabisa.

Hapo Baltimore, hospitali ya Johns Hopkins ilitumia miwani hii Juni 2020 kufunga skrubu 6 kwa mgonjwa mmoja. Mwulizeni daktari: skrubu zitapigwa picha kabla mama hajashonwa?