Koki ya jikoni inavuja: majibu ya maswali yenu

Koki ya sinki inadondosha maji usiku kucha, hata nikiikaza kwa nguvu zote. Ninunue nyingine? (Mama, Tabata)

Bado mama, na tafadhali acha kuikaza. Ndani ya koki ya kuzungusha kuna washa ya mpira inayoziba tundu la maji. Ikichakaa maji hupenya, na kila ukikaza unazidi kuikata.

Funga maji kwanza, kwenye valvu ya chini ya sinki au ile ya karibu na mita. Kama mnatumia tangi, funga valvu ya tangi. Fungua koki maji yaliyobaki yaishe. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, maana skrubu ikidumbukia humo huipati tena. Bandua kifuniko kidogo juu ya mpini, toa skrubu, kisha fungua kichwa cha koki kwa spana. Washa iko chini yake: iliyokufa utaiona ina mtaro wa duara uliochimbika, au imekakamaa na kupasuka. Nenda nayo dukani uilinganishe na mpya, kwa sababu hata zile za koki ya nusu inchi hazilingani unene. Kabla ya kurudishia, pitisha kidole mle washa inapokalia. Ukihisi pamelika, washa mpya haitadumu, na hapo ndipo koki ibadilishwe.

Mdomoni haidondoshi, ila nikifungua maji yanatoka chini ya mpini. (Morogoro)

Washa yako ni nzima. Kaza kidogo nati iliyo chini ya mpini. Yasipokoma, badili raba ya duara iliyovikwa kwenye mhimili, ile fimbo inayozungushwa na mpini.

Maji ya jikoni yamekuwa membamba, bafuni yanatoka vizuri. (Kaka, Kimara)

Fungua kichujio cha mdomoni mwa koki. Maji yakikatika siku kadhaa, yakirudi huja na mchanga na kutu, vyote vinanasa hapo. Ukikuta ukoko mweupe, ni chumvi ya maji ya kisima: loweka kwenye siki usiku mmoja, kisha sugua kwa mswaki wa zamani.

Fundi kaweka koki mpya, lakini inavuja pale inapoingia ukutani. (Dada, Mbeya)

Mwite arudi, dada, kazi haijaisha. Mara nyingi tepu nyeupe imezungushwa kinyume, ikakunjamana wakati wa kufunga. Tredi (mistari ya skrubu kwenye koki) zikikuelekea, tepu izungushwe kwa mwendo wa saa, mizunguko kumi hivi, ikivutwa ikae ndani ya tredi. Asimamiwe asikaze kupita kiasi: kiungo cha plastiki kikipasuka ukutani, vigae vyako vitabomolewa.

Yangu ni ya mpini mmoja, moto na baridi pamoja. Washa iko wapi?

Haina. Ina katriji, kifaa kimoja cha ndani kinachofungua na kuchanganya maji, na ikichoka hubadilishwa nzima. Nyingi ni za milimita 35 au 40, hivyo ing'oe kwanza, uipime, ndipo uende dukani.