Mitutu ya nkambo: kutia mipya ao kuacha?

Kila mara nikitosha bunduki ya nkambo ili niipake mafuta, kuko tu mutu wa kuniambia mitutu imekwisha, si utie shemize, ule mtutu mupya wa kuingiza ndani, kama kwa motere. Siku moja karibu nifanye vile, njo maana naandika.

Bunduki yenyewe ni dabo, ya mitutu miwili, kalibre 12, ya Liège kule Ubelgiji, chini ya mitutu kuko ile chapa ya majaribio ya Liège, ELG ndani ya yai, na taji juu yake. Nkambo alipiga nayo kanga miaka na miaka huko njia ya Kasenga. Kartushi za zamani kapsuli zake, zile za kuwasha baruti, zilikuwa zinaacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi inavuta maji, na mvua yetu ya Novemba mpaka Machi mnaijua, sasa kama haukusafisha siku ileile basi vishimo vinaanza. Halafu kaka yangu akaisugua ndani na mashini juu vishimo viishe. Viliisha kweli, na chuma nayo ikaisha! Rafiki muwindaji aliponipimia, pahali pembamba pamebaki milimita 0.5, na hapo mafundi wengi wanaanza kuogopa.

Sasa ile maneno ya shemize. Kwa motere unatoboa blok, unaingiza shemize, bas. Kwa bunduki wanakata mitutu yenyewe, karibu sentimita 7 ao 8 toka nyuma, wanabakisha paka kile kipande cha nyuma chenye ndoano za kufungia, wanakitoboa, wanaingiza mitutu mipya mizima na kuisude (kuiunga kwa moto) mule, halafu lazima warudishe ule utepe wa chuma wa katikati, wakate upya vyumba vya kartushi, na wanyooshe mitutu yote miwili mpaka ipige pahali pamoja. Ile ya kunyoosha njo kazi yenyewe, mashini peke haiwezi.

Nilimuona fundi mmoja wa hapa Lubumbashi, mkono wake mzuri sana, pompe na gia anakutengenezea bila shida. Akasema wiki moja. Nikamuuliza, papa, tutaijaribu namna gani? Akajibu: tutaifunga kwa pneu, tutavuta kamba. Nikacheka, lakini usiku sikulala vizuri. Kule Liège wanapiga kartushi za majaribio zenye nguvu ya bari 930 (bari ni kipimo cha presha), na kartushi ya kawaida ya kalibre 12 mwisho wake ni 740, njo wanapiga chapa mpya. Pneu na kamba inakuambia paka kama haikupasuka leo. Na mkono wangu wa kushoto uko palepale pa kusude!

Kuituma Ulaya? Nilipiga hesabu ya kazi, usafiri, na karatasi za serikali kwa pande zote mbili, ikapita bei ya bunduki yenyewe mbali sana.

Lakini siseme ni kazi bure. Mzee mmoja tunayewinda naye iko na ya Uingereza, kitako kilikatwa kwa mwili wake, mafungio bado yanabana kabisa, aliifanyisha kulekule akapata chapa ya SLEEVED, maana yake mitutu ilitiwa mipya, anapiga nayo vizuri mpaka leo. Ni nzito kidogo mbele, na ukiangalia karibu unaona mustari pa kiungo, na kuuza hatapata bei ya zamani, ila yeye hauzi. Kumbe mbele ya kuongea mitutu, tosha kile kipande cha mbao cha mbele, tikisa: kama inacheza pa mafungio, mitutu mipya haitaponyesha ile ugonjwa. Ya nkambo ilikuwa inacheza.

Nilinunua ingine ya mkono wa pili, haina sura, lakini chapa zake ziko. Ya nkambo iko ukutani, sindano za kupigia nilizitosha, mama njo anazichunga.